Mzee Kasmiri Anamtaka Padre

Nachingwea,
15 Januari 2023

Mdogo wangu Geofrey,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua utaitikia kwa namna ya kanisa lenu, nayo sawa, mradi umeitikia.

Sisi huku hatujambo. Watoto wamefungua shule. Shemeji yako Abel anatoka alfajiri na bodaboda yake na kurudi na matope mpaka masikioni. Mimi na cherehani yangu. Juzi nimemshonea bibi harusi mmoja gauni, nikampima vizuri kabisa, siku ya kulivaa halipandi. Katikati ya kupima na kuvaa alikuwa amekula mahari yote! Nimefumua mishono huku mama mkwe wake amenisimamia kichwani.

Nimeona tuandikiane maana kwenye simu mimi na wewe hatuwezani. Tunaanza na salamu, tunaishia kukatiana. Baba ndiye aliyeniambia kwa simu siku ya Krismasi, “Andikeni barua. Barua mtu haikatizi, na mimi nitasomewa.” Kwa hiyo hii nampa Mzee Mikidadi, jirani yenu, ambaye kila wiki analeta kuku sokoni huku.

Baba anaendeleaje hasa? Miguu imepungua kuvimba? Anaweza kulala chali, au bado analala ameketi? Usiniandikie “anaendelea vizuri” tu. Mwambie namkumbuka kila ninaposali.

Dada yako,
Edina


Matambarale,
4 Februari 2023

Dada Edina, shikamoo.

Bwana asifiwe. Samahani kwa kuchelewa kujibu, tuko kwenye kupanda ufuta na mvua hazitupi nafasi. Mke wangu Faith anakusalimu sana. Watoto wazima.

Barua nimemsomea Baba mara mbili. Pale pa bibi harusi amecheka mpaka akakohoa, Faith akanigombeza.

Miguu inavimba, inapungua, inavimba tena. Dawa za hospitali anameza. Analala ameegemea mito. Asubuhi nampeleka kukaa kibarazani, anatazama watu wakipita. Anaomba hiki na kile, unawajua wagonjwa. Mengine ni uchovu tu unaongea. Kanisani tunamwombea kila ibada.

Ila anauliza utakuja lini. Hata mimi nauliza. Tangu tumalize msiba wa Mama hujalala nyumbani kwangu hata siku moja. Nachingwea na hapa si mbali hivyo, Dada.

Mdogo wako,
Mch. Geofrey


Nachingwea,
19 Februari 2023

Geofrey,

Tumsifu Yesu Kristo. Hatujambo kiasi. Watoto wanawasalimu.

Barua hii usimsomee Baba. Ndani nimeweka karatasi ya pili, hiyo ndiyo yake.

Mzee Mikidadi alipokuja na barua yako nilimkaribisha chai. Nikamwuliza hali ya Baba, akazungusha kikombe, kisha akasema, “Mama, mimi si wa dini yenu. Lakini Mzee Kasmiri anamtaka Padre. Amemwambia mwanawe mara tatu mbele yangu.”

Mbona hukuniandikia? Hicho ndicho ulichokiita uchovu unaoongea?

Nilitoka hapo nikaenda parokiani. Nikamweleza Padre wa huku: Baba alibatizwa akiwa mchanga, akapata kipaimara, akafunga ndoa kanisani na Mama, halafu uzeeni akabatizwa tena kwenye kanisa lingine kwa maji mengi. Nikauliza, mtu wa namna hiyo akitaka kurudi anaanzia wapi, anabatizwa mara ya tatu? Padre akasema hapana, ubatizo ni mmoja, ule wa kwanza upo palepale. Anahitaji kutaka mwenyewe, akaungama, akakiri imani. Kama ni mgonjwa, Padre wa parokia yenu atamfuata kitandani. Ni jambo la kumwita tu, Geofrey.

Jumatano tunapakwa majivu. Naogopa. Kila simu ikilia nafikiri ni ninyi. Mfanyie Baba hilo alilokuomba.

Edina


Matambarale,
12 Machi 2023

Dada, shikamoo. Bwana asifiwe.

Faith ana malaria lakini ameshaanza dawa. Ufuta umeota. Shemeji Abel safari hii hukuniletea salamu zake, natumaini hajanikasirikia na yeye.

Barua yako nimeichana, kisha nikaokota vipande nikaviunganisha mezani. Sasa nisikilize na wewe.

Mama alipokufa wewe ulikaa wiki moja ukarudi kwako. Mimi nilibaki na Baba. Hakuwa anakula. Alikuwa anakwenda kaburini asubuhi na kukaa mpaka jua linamwunguza, namfuata namrudisha kama mtoto. Katekista Maximilian alikuja siku za msiba, baadaye akawa anapita barabarani na baiskeli anapunga mkono. Ni watu wa kanisa langu waliokuwa wanaingia mle chumbani. Waliimba, wakafua mashuka yake, wakamshika mikono. Siku moja akaomba ugali. Mwezi uliofuata akasema, “Nipelekeni na mimi mtoni.” Sikumlazimisha, Mungu ni shahidi. Nilimshika kwa mikono yangu hii, mgongo wake ulikuwa mwepesi kama wa ndege, nikamzamisha na kumwinua, akatoka anacheka. Baba yangu mzazi! Wewe uliposikia ulikata simu.

Leo anataka Padre. Unajua hapa watasema nini? Mchungaji aliyeshindwa kumshika baba yake atatushika sisi? Wazee wa kanisa wameshaanza kuniuliza maana Mikidadi siye peke yake aliyesikia.

Na si hilo tu. Nilimwuliza Baba anakosa nini kwangu. Nikamwambia kama ni toba, tubu hapa, mimi ni mtumishi wa Mungu, nitakuombea. Akasema, “Kuna neno nataka kulisema kwa Padre. Wewe ni mwanangu. Siwezi kulisema kwako.”

Neno gani, Dada? Tangu siku hiyo silali. Nikimlisha namwangalia mdomo. Ni juu yangu? Ni juu ya Mama? Wewe ni mkubwa, ulikuwa na akili nilipozaliwa. Kama unalijua niambie, nisilisikie kwa watu.

Au njoo umchukue, umpeleke kwa Padre wako wewe mwenyewe. Sitakuzuia.

Geofrey


Nachingwea,
20 Machi 2023

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mpe Faith pole ya homa. Watoto wapo.

Neno hilo silijui. Naapa. Na hata ningekuwa nalihisi nisingeliandika.

Kuja siwezi kwa sasa. Naomba usiniulize kwa nini, na usimwambie Baba kwamba sitaki. Mwambie nashona sare za shule, kazi ni nyingi.

Ni kweli nilikata simu siku ile. Sikutaka unisikie ninavyolia.

Hujamtupa Baba, najua. Ulimtunza nilipokuwa mbali. Lakini mtu anayezama akishatolewa majini anataka kuchagua mwenyewe pa kukaukia. Mwite Padre, Geofrey. Nakuomba kwa jina la Mama.

Edina


Matambarale,
5 Aprili 2023

Dada, shikamoo.

Nimejua. Mikidadi ameniambia jana baada ya kufuturu, nilipoanza kukusema vibaya mbele yake. Alinikatiza, kitu ambacho huwa hafanyi. Akasema, “Mchungaji, dada yako analala hospitali.” Lori lilimgonga shemeji tangu Februari, paja limevunjika, amefungwa uzito wa kuvuta mguu, wewe unalala sakafuni chini ya kitanda chake na mchana unakimbilia cherehani. Na mimi nakuandikia habari za Nachingwea si mbali!

Nisamehe. Naelewa ulimficha Baba asije akashtuka moyo. Sijamwambia. Lakini mimi ungeniambia. Ungeogopa nini? Kwamba ningekuja kumwombea kwa sauti wodini? Ningekuja, kweli, na ningepunguza sauti.

Sasa ya hapa. Baba ameacha kuomba. Hamtaji Padre tena. Hataki hata kutolewa kibarazani. Nikimwuliza, “Baba, unahitaji chochote?” anasema, “Hapana, baba, kapumzike.” Alipokuwa ananisumbua nilikasirika. Huu ukimya wake unanitisha kuliko yote. Miguu imevimba mpaka magotini. Akipumua namsikia nikiwa uani.

Nilikwenda kwa Katekista Maximilian kimyakimya. Alinipokea mlangoni, hakuniambia niingie. Akasema, “Mwaka juzi mlitutangaza kwa kipaza sauti kwamba tunaabudu sanamu. Nikija kwako leo, kesho utasema nimekuja kuiba kondoo. Mzee aseme mwenyewe anataka. Na Padre aitwe na mwenye nyumba.”

Mwenye nyumba ni mimi. Mto wa njia ya parokiani umejaa. Nina wasiwasi juu ya kila kitu.

Geofrey


Nachingwea,
10 Aprili 2023, Jumatatu ya Pasaka

Geofrey,

Kristo amefufuka.

Abel ameanza kukaa. Anakusalimu na anasema uje umwombee, sauti yoyote.

Sina maneno mengi, nimechoka. Nenda mwenyewe. Ukisubiri mto upungue, ukisubiri wazee wa kanisa wakubali, ukisubiri mimi, Baba hatasubiri.

Edina


Matambarale,
23 Aprili 2023

Dada Edina, shikamoo.

Bwana asifiwe, na Tumsifu Yesu Kristo. Leo naandika zote mbili.

Baba yu hai. Nimetanguliza hilo usije ukasoma barua hii kwa hofu.

Barua yako ilinifikia Jumanne. Jumatano asubuhi nilivaa shati, sikumwambia mtu ila Faith, nikawasha pikipiki. Mtoni vijana walinisaidia kuibeba, nikalowa mpaka kiunoni. Nilipofika parokiani nilibaki nimeikalia ikinguruma, sizimi. Nilisema moyoni, nikizima nimekwisha. Padre mwenyewe akatoka kuangalia ni nani anapiga kelele.

Nikasema, “Mimi ni Mchungaji Geofrey wa Matambarale.”

“Nakufahamu,” akasema. “Umebatiza waumini wangu kadhaa.”

Sikujua nicheke au niondoke. Nikamwambia, “Mmoja wao ni baba yangu. Anakutaka.”

“Amesema mwenyewe?”

“Alisema mara nyingi. Sasa ameacha, na kosa ni langu.”

Hakuniuliza lingine. Aliingia ndani, akatoka na mkoba mdogo na mabuti ya mvua.

Njiani nilikuwa namsikia mgongoni ameshikilia shati langu kila tukiteleza. Tulipofika mtoni, tukisubiri vijana, nilishindwa kujizuia. “Utambatiza tena?”

“Hapana. Alibatizwa mtoto, hapo hapo kwenye kanisa la kigango chenu. Mtu akiondoka, ubatizo hauondoki naye. Nitamsikiliza, atakiri imani, nitampaka mafuta, nitampa Komunyo.”

“Na ule niliompa mimi?”

Alitazama maji. “Ulimpeleka mtoni kwa nini?”

“Alikuwa anakufa kwa huzuni.”

“Basi Mungu aliliona hilo. Kanisa letu halihesabu ubatizo wa pili, siwezi kukudanganya. Lakini sikuja nyumbani kwako kukutukana.”

Dada, nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi.

Baba alipoona kanzu nyeupe mlangoni alijaribu kusimama. Hajasimama mwenyewe tangu Februari. Akanitazama mimi, si Padre, kama mtoto aliyefumaniwa. Nikamwambia, “Nimemleta mimi, Baba.” Ndipo akaketi tena.

Padre akaomba meza ndogo na kitambaa safi. Kabla sijafikiri Faith alikuwa ameshatandika kile cheupe cha mimbari ya kanisa letu. Kisha Padre akasema kwa upole, “Naomba mtupishe.”

Nilitoka. Lakini sikwenda mbali. Nakuandikia kama ilivyokuwa: nilizunguka nyuma ya nyumba nikasimama chini ya dirisha lake. Nilimsikia Baba akianza, “Nibariki, Padre…” na sauti ilikuwa ya zamani, ile aliyokuwa akituitia shambani. Nikasema, sasa nitalijua. Halafu akavuta pumzi ili alitoe hilo neno, na nikaogopa. Nilikimbia, Dada. Mimi mwenye ndevu. Nilikatiza kwenye mihogo mpaka kwa Mikidadi.

Alikuwa amekaa barazani na redio yake ya kaswida, amefunga, midomo imemkauka. Aliangalia uso wangu, akaangalia kule nyumbani kwangu, akaona dirisha liko wazi upande wake. Aliongeza sauti ya redio mpaka mwisho, akanisogezea mkeka. Tulikaa hivyo, kelele tupu, mpaka Faith alipokuja kuniita.

Maximilian alikuwa amesikia Padre amepita, akafika na akina mama wawili wa jumuiya yao. Walisimama mwisho wa uwanja, hawajui kama wanaruhusiwa. Nikawaambia waingie. Mle ndani walisali Nasadiki, ile sala ya kukiri imani, pamoja na Baba. Midomo yangu ilifuata yenyewe, tulifundishwa wote na Mama, mpaka nilipofika pa Kanisa Katoliki nikanyamaza. Akapakwa mafuta, akapokea Komunyo. Alifumba macho muda mrefu hata nikamgusa mkono kuhakikisha.

Watu walipoondoka aliomba uji. Akasema, “Geofrey, siku ile mtoni nilikuwa nimekwisha, ukaniinua. Sijakisahau kitu hicho. Usidhani leo nimekurudishia.”

Wazee wa kanisa wamenikalisha kikao juzi. Nimesimamishwa kuhubiri mpaka watakapoamua. Mmoja aliniuliza, “Ulikwenda kumwita kwa miguu yako?” Nikasema kwa pikipiki. Hakucheka mtu.

Ninaogopa kitakachofuata, lakini usiku uleule nililala.

Geofrey


Nachingwea,
7 Mei 2023

Mdogo wangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na Bwana asifiwe.

Abel yuko nyumbani kwa magongo. Amejifunza kutia uzi kwenye cherehani, ananisumbua kuliko alivyokuwa wodini. Mwambie Baba sasa habari za ajali, mwambie na kwamba amepona.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimejifungia. Nilikuwa nimekulaumu moyoni miezi yote hii, nilidhani huwezi. Abel ameniuliza ninalilia nini, nimeshindwa kumweleza.

Nitakuja Juni, nitalala kwako, mwambie Faith asinitandikie kama mgeni. Lakini nina swali ambalo najua ni baya. Baba alisema nini kwa Padre? Hajakudokeza? Sasa na mimi linaninyima usingizi.

Edina


Matambarale,
2 Julai 2023

Dada, shikamoo.

Msalimie shemeji na watoto. Tangu uondoke nyumba imepooza. Faith anasema sufuria zake hazijawahi kung'aa namna ile na hataki kuzitumia.

Ufuta tumevuna. Kanisani wamenirudishia mimbari wiki iliyopita. Familia mbili zimehama kwa sababu yangu, na mzee mmoja bado hanipi mkono. Nikisimama kuhubiri nayatazama yale mabenchi matupu kwanza, sijui nifanyeje nisiyatazame.

Daktari amesema moyo wa Baba umechoka, tusijidanganye kwa kuwa uvimbe umepungua. Lakini kila Jumapili anataka kwenda kigangoni. Nampakia kwenye pikipiki, Faith anamfunga na kitenge kiunoni mwangu asianguke, tunakwenda polepole. Maximilian anampokea mlangoni. Mimi nageuza kwenda kwenye ibada yangu, na ikiisha namfuata. Wanaoniona njiani waseme watakavyo.

Lile swali lako. Ulipokuwa hapa nilikuona ukimkalia karibu, unafungua mdomo, unafunga. Nilikuwa hivyohivyo. Juma lililopita nilikuwa namkata kucha, akasema bila kunitazama, “Hujaniuliza.”

Nikajua anasema nini.

Nikamwambia, “Siulizi, Baba.”

Akasema, “Haya.” Akanipa mguu wa pili.

Na wewe usimwulize, Dada. Kama ni juu yangu, au yako, au ya Mama, limeshapata aliyepaswa kulisikia. Sisi tutabaki na huyu baba tuliyenaye.

Asubuhi, kabla sijafungua mlango wake, nasimama kwanza nisikilize kama anapumua. Hilo halijaniacha, na nadhani halitaniacha. Leo nilisimama muda mrefu, kimya, hakuna kikohozi, hakuna kitanda kulia. Nimeshika komeo, siwezi kufungua. Ndipo nikamsikia kwa ndani, kwa hasira kabisa:

“Geofrey! Viatu! Tunachelewa!”

Mdogo wako,
Geofrey